Walingoja Moyo Unyamaze

Watu wananiambia nimshukuru Mungu kwa sababu nimepona. Namshukuru, asubuhi na jioni. Lakini shukrani haijaifukuza hasira, wala sitaki iifukuze kabla sijamaliza kuandika. Ninaandika kwa ajili ya mwanamke aliyeketi sasa hivi kwenye benchi la maternité, wodi ya wazazi, nguo imemlowa, na kila anayepita anamwambia avumilie. Mama, usivumilie. Soma haya, kisha simama.

Jina langu ni Masika. Nilizaliwa Kipese, kwenye viazi na ukungu, nikaolewa Butembo. Mume wangu Katembo anauza vipuri vya pikipiki, nami nauza sokoni viazi na kabeji zinazoteremka kutoka kwetu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Paluku, na mimba ya pili tuliipokea kwa furaha. Nalisema hili mapema, kwa sababu katika mtaa wetu wapo hadi leo wanaosema niliitoa.

Kwetu Banande jina la mtoto halitafutwi, linamngoja. Mwana wa kwanza wa kiume ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Hata aliyetoka tumboni bila pumzi huhesabiwa, na anayemfuata hachukui nafasi yake. Mume wangu anaitwa Katembo, wa tano, lakini ukiwaita wana wa mama yake waje kula utawaona wawili tu, yeye na kaka yake Kakule. Wengine watatu wako ardhini. Mama yao anawataja kana kwamba wameenda sokoni na watarudi. Huyo mama mkwe wangu nyumbani sote tunamwita Mukaka, yaani bibi, nami nitamwita hivyo hapa pia.

Ilikuwa mwanzo wa mvua za Septemba, wakati wa kupanda maharagwe. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tano, na écho, ile picha ya tumbo, ilikuwa imeonyesha mvulana. Nilikuwa nimeketi mezani kwangu sokoni, sikuwa nimebeba kitu, maji yakanitoka ghafla yakajaa kwenye viatu. Nasema sikuwa nimebeba kitu kwa sababu baadaye niliulizwa hilo na watu wengi sana. Mama aliyeuza jirani yangu alinifunga kitenge chake kiunoni, akasimamisha taxi-moto, akanipandisha upande upande kama gunia.

Hospitali waliyonipeleka ni ya kanisa, sitaitaja. Paluku alizaliwa pale, na nilipoona lango lake moyo ulitulia. Salle d'attente, chumba cha kungojea, ilijaa. Kulikuwa na baridi ile ya Butembo ya asubuhi, wanawake wamejifunika mablanketi, thermos ya chai inapita mkono hadi mkono. Muuguzi akaja na swali lake la kwanza, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni.

"Mama, ulikunywa nini?"

"Sikukunywa kitu. Maji imetoka."

"Sema ukweli. Ni dawa gani ya miti ulikunywa?"

Benchi zima liligeuka kunitazama. Mwanamke aliyekuwa akinipa chai akaishika thermos kwanza. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza kuwa kesi, na mimi mshtakiwa mwenye viatu vilivyolowa. Watu hudhani sheria ya mimba inakaa mahakamani, ikingoja wakosaji. Mimi nimeikuta kwenye benchi, imevaa blouse nyeupe, inauliza ulikunywa nini kabla haijauliza unaumwa wapi.

Docteur alikuwa kijana mpole, mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alipitisha kifaa chake tumboni, akatazama, akapitisha tena. Kisha akazima sauti ya mashine, lakini nilikuwa nimeshausikia moyo.

"Mama Paluku, maji imekwisha yote," alisema. "Kwa umri hii mutoto hawezi kuishi. Hata kama angezaliwa leo, hapana."

"Sasa munafanya nini?"

"Tunangoja."

"Tunangoja nini?"

Akautazama ukuta. "Cœur ya mutoto isimame. Ao weye upate fièvre."

Moyo usimame, au mimi nipate homa: nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia, polepole, jinsi unavyomweleza mtoto njia ya dukani. Akasema naye ana mke. Akasema akitia mkono wakati moyo bado unapiga ni prison, na hospitali itamfukuza kwanza, kabla ya polisi hawajafika. "Mais tukiona maisha yako iko mu danger, pale tunaweza." Yaani lazima nikaribie kufa ndipo niruhusiwe kupona. Nilimwambia hivyo hivyo. Alijibu kwamba subira huvuta heri. Tangu siku ile mtu akinitajia methali hiyo namwacha amesimama peke yake.

Walinilaza chumba kimoja na waliojifungua. Kila niliposimama maji yalitiririka, na tumbo langu lilikuwa linapungua huku mtoto bado yumo ndani, akinigusa kidogo kidogo. Jambo hilo sikuweza kumwambia mtu. Mama wa kitanda cha pili alikuwa na mtoto mchanga mwenye sauti kubwa. Alipotaka kumnyonyesha alijigeuza, akaelekea ukutani, ili nisione. Alifanya hivyo kila mara, mgongo wake ukiwa kwangu, hadi alipotoka. Sijui jina lake na namwombea hadi leo.

Docteur akasema hatari ikija familia iwe imekaa, imejua, imekubali mimba itolewe. Hapo tukafanya kosa letu la nyumbani. Sisi Banande, jambo likiwa zito, hatuliamui wawili kitandani, tunakaa baraza ya ukoo, na wa kwanza kusema ni mkubwa. Mkubwa alikuwa shemeji yangu Kakule, anayesemea ukoo tangu baba yao alipofariki. Yeye ni katekista, mtu mzuri kwa mambo mengi, alinichimbia choo cha nyumba yetu kwa mikono yake. Alisimama mwisho wa kitanda changu akiwa na rozari.

"Shemeji, Mungu anaweza kufanya muujiza," alisema. "Tukisema batoe mimba, ni kuua. Na mimi dimanche nitasimama mbele ya batoto ba catéchisme, nitabaambia nini?"

"Maji imekwisha, shemeji. Docteur amesema hawezi kuishi."

"Docteur si Mungu."

Nilimtazama mume wangu. Katembo alitazama viatu vyake. Yeye ni wa tano, na wa tano hasemi kabla ya wa nne hajamaliza, na wa nne hakumaliza. Nilimpenda mtu yule miaka yote, na pale kitandani nilimchukia kwa moyo wangu wote. Ningekuwa na nguvu ningemrushia bakuli la uji.

Kisha homa ikaja. Nilitetemeka hadi kitanda kikalia, na nikafurahi. Fikiria upumbavu huo, nilifurahi kwamba naungua, nikadhani sasa wamepata walichokingoja. Wakanitundikia serum, wakanipiga sindano. Docteur akaja na mashine yake. Moyo ulikuwa bado unapiga. Akasema homa ni ndogo. Serum ya pili ikaisha, homa ikapanda, akasema lazima amuulize mkubwa wake. Mkubwa akasema lazima amuulize aliye juu yake. Nilikuwa nawaka nao wanaulizana. Maji yaliyokuwa meupe yakabadilika rangi, na harufu ikaanza, harufu ambayo mwili wangu haujawahi kuitoa. Wauguzi wakaanza kuacha dirisha wazi.

Mukaka alikuwa Lubero kwenye shamba lake. Hakuna aliyemwambia ukweli, alisikia tu kwamba nimelazwa. Akapanda gari la viazi, akafika na udongo kwenye visigino na moshi kwenye nguo. Hakuwasalimu wanaume. Alifunua blanketi, akainama, akavuta pumzi mara moja, akafunika.

"Huyu anaoza," alisema. "Munangoja nini?"

Kakule akaanza kueleza. Akafika kwenye muujiza, kisha kwenye amri ya tano, usiue. Mukaka alimwacha amalize, kwa sababu yeye ni mama aliyelea watoto wa Kikristo na hamkatizi mtu anayetaja amri za Mungu. Alipomaliza akauliza jambo moja.

"Maji ilitoka?"

"Ilitoka, Mama."

"Maji yakimwagika hayazoleki. Mutoto ni kijana?"

"Ni kijana."

Akaweka mkono wake mkavu juu ya tumbo langu. "Basi huyu ni Kambale," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei. "Kambale, mwana wa Katembo. Mimi mukaka yake nimemuhesabu."

Kwetu jina hutajwa mtoto akishatoka. Halitajwi tumboni. Ukilitaja, umesema amefika.

"Mutoto mwenye jina ashazaliwa," Mukaka aliendelea, akimtazama Kakule. "Na mutoto mwenye ashazaliwa, nani anaweza kumutoa mimba? Mimi nilizika batatu, bote nabaita kwa jina. Huyu pia nitamuita. Mais huyu mama yake hapana, sitamuzika. Katembo! Simama. Weye ndiye bwana yake."

Mume wangu akasimama. Alitoka bila kumtazama kaka yake, akarudi na karatasi ya kutuondoa pale ameitia sahihi. Kakule alibaki na rozari mkononi, na nadhani alikuwa analia, lakini sikuwa na nafasi moyoni ya kumhurumia na bado sina nyingi.

Tulibisha hodi hospitali mbili nyingine mjini. Ya kwanza walisema turudi kule dossier yangu iliko. Ya pili hawakunishusha hata garini. Ndipo binamu wa Mukaka akapiga simu kutoka Beni, akasema huko kuna docteur mwanamke ambaye haogopi. Ningependa msomaji alitafakari hilo. Katika mji mzima wenye maghorofa na makontena ya bidhaa kutoka ng'ambo, ilibidi nitafute mtu mmoja asiyeogopa, na yuko upande wa pili wa barabara ambapo watu wanachinjwa.

Barabara ya Beni wote tunaijua. Tulipofika Maboya, watu walinyamaza garini. Kwenye kona za Kabasha dereva alizima muziki. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari alichungulia, akataka tushuke wote. Mukaka akateremsha kioo akamwambia: "Njo unuse." Akanusa. Akafungua kamba bila kuomba hata sigara. Hilo tulilicheka baadaye, mimi na yeye, miezi mingi baadaye, hadi mshono ukaniuma.

Beni ni joto. Nakumbuka joto na dari yenye feni isiyozunguka. Docteur yule alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa na uzi, na alianza kunawa mikono wakati bado anaongea nami.

"Tangu maji itoke, bamefanya nini?"

"Bamengoja."

Alitukana kwa Kilingala, neno ambalo sitaliandika. Kisha akanishika paji la uso. "Mama, nitakusafisha. Kama naweza kuacha nyumba ya mutoto, nitaiacha. Kama nimekuta imeharibika, nitaitoa, ubakie. Unanisikia? Ubakie."

Nilimwambia anaitwa Kambale. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Akajibu, "Aksanti kwa kuniambia," na ndilo la mwisho nililosikia.

Niliamka nikiwa mtupu. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Kizazi kilikuwa kimeoza, kimetolewa. Moyo wa Kambale ulikuwa umenyamaza wenyewe barabarani, sijui ni Maboya au Kabasha, wakati hakuna mashine ya kutusikilizisha. Mukaka alikuwa amekwisha kumzungushia kitenge chake cha misa na kumzika nyumbani kwa binamu yake, chini ya mgomba.

Docteur alikuja kubadilisha pansement ya kidonda mwenyewe. Nilimuuliza, kama ningekuja kwake siku ile maji yalipotoka, ingekuwaje. Aliendelea kukifunga kidonda. Nikamwambia nataka kujua.

"Ingekuwa kazi ya asubuhi moja," alisema. "Ungerudi kwako, na kizazi yako."

"Na sheria?"

Akavuta kiti. Akanieleza kwamba kitabu cha zamani cha sheria bado kinakataza, ndiyo, kinatishia mama na docteur pia. Lakini nchi yetu ilisaini mkataba wa Maputo, ikauchapisha katika Journal officiel, gazeti la serikali, na mkataba unasema mama akiwa hatarini asaidiwe, aliyebakwa naye asaidiwe. "Kwa hiyo iko karatasi mbili," alisema. "Mwenye uoga anashika ya zamani."

"Yule kijana wa Butembo, alijua ya pili?"

"Docteur gani hajue? Anajua, mama. Anajua na boss yake anajua."

Hapo hasira yangu ilipata mahali pa kukaa. Kabla ya hapo ilikuwa inatangatanga, inamrukia mume, shemeji, Mungu, mimi mwenyewe. Nilikuwa nimewahurumia wale watu kwa kudhani hawajui. Kumbe walijua, na wakanilaza karibu na dirisha.

Siku chache baada ya operesheni maziwa yakaja. Hakuna aliyenionya, kwa hiyo mimi nakuonya wewe. Mwili haujui habari. Matiti yalijaa hadi yakauma kuliko kidonda, yakalowesha shuka, nami nikawa nimelala pale nanuka maziwa katika chumba kisicho na mtoto. Mukaka alinifunga kifua kwa kitenge, akakaza, akawekea majani ya kabeji baridi aliyoyanunua Beni kwa kulalamika sana, kwamba ni kabeji za aibu, zimenyauka, Kipese zingepewa sungura. Nilicheka na kulia kwa pamoja, akaendelea kuzitukana kabeji ili nisiache kucheka.

Tulirudi Butembo maharagwe yakiwa yametoa maua. Kidonda kilichelewa kufunga, na kilihitaji kusafishwa kila siku. Mume wangu ndiye aliyefua vitambaa vyangu. Mwanaume wa Butembo, mwenye duka, amechuchumaa penye bomba la mtaa na beseni lenye damu, majirani wanamcheka hadharani. Hakuniomba msamaha kwa maneno msimu wote ule wa maharagwe. Alifua. Niliviona vimeanikwa, vyeupe kabisa, na hasira yangu kwake ikaanza kuchoka kabla sijaamua kuichosha.

Hasira nyingine haikuchoka. Mtaani walikuwa wamekwisha kuamua. Swali la yule muuguzi lilitoka kwenye benchi likatembea, likafika sokoni kabla yangu, likiwa limegeuka jibu. "Alikunywa miti." "Alikimbilia Beni kutoa." Kwenye kikundi cha akina mama wa parokia waliacha kunipa zamu ya kupamba altare. Hakuna aliyenifukuza. Kila nilipouliza, zamu ilikuwa imejaa. Mukaka alikwenda pale Jumapili moja, akasimama baada ya misa, akasema mbele ya wote: "Huyu ni mama wa Paluku na Kambale. Mwenye kutaka kujua Kambale alikufa namna gani, aniulize mimi." Hakuna aliyeuliza. Wiki iliyofuata nilipewa maua nipange, nikayapanga vibaya makusudi.

Wanasema sheria ile inamlinda mtoto. Mimi niulizwe. Kambale haikumpa hata pumzi moja. Lakini Kasereka wangu ilimzuia asije, na wa nne, na wa tano. Jikoni kwangu majina hayo yako tayari na hakuna wa kuyavaa. Nani atakwenda prison kwa ajili yao?

Sasa nifike kwa Kavira, kwa sababu ndiyo maana nimekubali kuandika.

Kavira ni binti aliyekimbia vita kutoka Luofu na mume wake, wakapanga chumba kwa shangazi yake karibu na soko. Alinisaidia kuchambua viazi. Alikuwa mjamzito mara ya kwanza, ana aibu, anakula udongo wa kuta za watu akidhani sijamwona. Asubuhi moja, mvua za Machi zimeanza, alisimama kutoka kwenye gunia alilokalia, na gunia lilikuwa limelowa. Tulitazamana. Sikuhitaji kumuuliza alikunywa nini.

Shangazi yake alitaka hospitali ya karibu, na ya karibu ni ileile. Nikaenda nao. Benchi lilelile, ukungu uleule mlangoni. Yule kijana docteur akapitisha kifaa chake, akazima sauti, nami nikaiona midomo yake inaanza kutengeneza neno.

"Usiseme," nilimwambia. "Usiseme munangoja."

Alinitambua. Akawa wa rangi ya majivu. "Mama Paluku, si unajua sheria."

"Najua. Najua ile ya zamani na najua ile ya Maputo. Weye pia unajua. Unipe karatasi ya transfert, ya kumuhamisha, utelefone Beni, sasa hivi, mbele yangu. Ao nitalala hapa mu couloir, na kila mama mwenye kuingia nitamuonyesha mushono yangu."

Nilishika ncha ya blouse yangu tayari kuinua. Sikuwa natania, na alilijua hilo. Akaandika. Akapiga simu. Alipomaliza akasema kwa sauti ya chini, "Muende mbio. Musingojee kitu." Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilitaka kumkaba, kwa sababu maneno yale machache alikuwa nayo mdomoni tangu zamani, na bei ya kuyatoa haikuwa hata nusu saa yake.

Mlangoni Kavira akashika nguzo, akakataa kupanda gari. Alikuwa analia kimya.

"Mama, bado anacheza," alisema. "Mimi naenda kuua mutoto wangu?"

Nimejiuliza mara nyingi ningejibu nini kama Mukaka hangeninyoshea njia. Niliweka mkono juu ya tumbo lake, palepale nilipowekewa mimi.

"Écho ilisema nini?"

"Kijana."

"Ni wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Basi unajua jina yake. Muite."

Alichelewa. Watu walikuwa wanapita, motari mmoja wa taxi-moto akatupigia honi. Kisha akasema, "Paluku," akasema tena kwa nguvu zaidi, "Paluku," akaachia nguzo.

Beni waliingia naye ndani jua likiwa juu, na kabla ya jioni alikuwa ameketi kitandani anakunywa chai. Hakuwa na homa. Alilia siku nyingi, kama inavyopasa, na Paluku wake alizikwa kwa heshima chini ya mgomba uleule, karibu na Kambale wangu. Kisha alirudi na mwili wake wote.

Mtaani wameongeza neno. Sasa si mimi tu niliyetoa, bali nawapeleka na wengine. Kakule alikuja kunionya, akakuta nimekaa na Mukaka tunamenya viazi, akaombwa amenye naye. Alimenya hadi sufuria ikajaa, na onyo lake hakulitoa. Wakati wa kuaga alisimama mlangoni akauliza kwa shida, "Kambale bamemuzika mahali gani? Nataka kumuombea." Nilimwambia mahali. Sikumwambia kitu kingine.

Wewe uliye kwenye benchi, haya ndiyo niliyokuwa nayo. Maji yakitoka mapema na wakakwambia wanangoja, uliza wanangoja nini, na waambie waseme kwa sauti. Omba transfert kabla ya homa. Taja Maputo, hata kama hujui Maputo iko wapi, mimi pia sijui. Na mume wako asimamishwe mapema.

Msimu wa viazi uliopita Kavira alikuja sokoni akiwa amebeba kitu mgongoni. Alikifungua juu ya meza yangu, katikati ya kabeji. Alikuwa mvulana, mnene, mwenye hasira, ngumi zimefungwa. Wateja wakasogea. Mama mmoja akauliza kama ni wa kwanza, na Kavira akajibu kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa mstari:

"Hapana, ni wa pili. Anaitwa Kambale."

Niliomba nimshike. Sikuwa nimelishika jina hilo tangu lilipotajwa juu yangu, na lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Alinikojolea hadi kiunoni, maji ya moto yakashuka kwenye viatu vyangu, na Kavira akanyosha mikono haraka aninusuru. Nikamwambia amwache kwanza.